Taa nyekundu ya oili imewaka: mwongozo kamili kuanzia barabarani mpaka gereji

Kuna jambo wengi hawalijui na ndilo linaloua injini nyingi huku mtaani. Ile taa nyekundu yenye kibirika kinachodondosha tone haikuambii oili imepungua, inakuambia presha ya oili imeisha, na haiwaki mapema. Kwenye Toyota nyingi tunazoendesha, IST, Vitz, Probox, Premio na ndugu zao, kuna kiswichi kidogo cha presha kwenye bloku ya injini, na kinawasha taa pale presha inaposhuka chini kabisa, psi (kipimo cha presha) 4 mpaka 7 hivi. Sasa injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye IST na Probox nyingi, ikiwa raundi 3000 kwa dakika kitabu cha Toyota kinataka iwe na psi 22 mpaka 80. Kwa hiyo presha inaweza kutoka 50 ikaja 40, ikaja 20, ikaja 12, dashibodi kimya, we unakata upepo na muziki wako, alafu siku taa inawaka ujue ilishakuwa mbaya zamani.

Ndani ya injini krenki (shafti kuu inayozunguka) haigusani na metali zake (vikombe vyembamba vinavyoishika), inaelea kwenye utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Presha ikiisha utando unakatika, chuma kinakula chuma, joto linapanda, metali inalainika na kuanza kuzunguka kwenye konrodi (mkono unaoshika pistoni), hapo ndo unasikia ngo ngo ngo na fundi anakwambia imenoki. Kwenye mzigo na raundi za safari hiyo kazi inaweza kuisha ndani ya dakika chache tu. Ndo maana mwongozo huu wote unasimama kwenye hatua moja, zingine ni za kufanya ukiwa umetulia.

Zima injini

Sio ufike sheli iliyo mbele, sio ufike kwa fundi wako unayemwamini. Toa mguu kwenye mafuta, washa indiketa, toka pembeni, simama, zima. Yote hayo yachukue sekunde, sio kilomita.

Ila angalia kitu kimoja, usizime gari ikiwa bado inatembea kwa kasi au inateremka. Ukizima, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wa injini, unabaki na kukanyaga mara moja mbili hivi kabla pedo haijawa ngumu kama jiwe. Mtu akiwa anashuka mlima Kitonga na lori liko nyuma yake hiyo ni hatari kubwa kuliko injini. Hapo weka nyutro kama upo tambarare, mteremkoni bakia kwenye gia, tafuta pa kutokea salama kwanza. Na ufunguo usiurudishe mpaka mwisho wakati gari inatembea, usukani unaweza kujifunga.

Kama limekukuta katikati ya hifadhi ya Mikumi, zima vilevile, ila baki ndani ya gari na usimamishe msaada ukiwa ndani, mambo ya kufungua boneti subiri upate wenzio. Kwingine kote toka, weka pembetatu zako za reflekta mbali na gari, mbele na nyuma.

Kitu ambacho watu wanafanya na naomba usifanye: kuwasha tena "kuona kama imezimika". Kila ukiwasha bila oili kufika kwenye metali unakwangua. Kama taa ni ya njano hilo ni lingine, gari nyingi zenye taa ya njano ya oili zinakuambia kiwango kimeshuka, hapo una nafasi ya kusogea taratibu mpaka pa kununua oili. Nyekundu hapana.

Chungulia chini, alafu pima

Kabla ya dipstiki (kijiti cha kupimia oili) inama uangalie chini ya gari. Kama kuna oili inachuruzika au umeacha mstari barabarani nyuma yako, jibu umeshalipata na kuongeza oili ni kuimwaga tu. Sehemu za kuangalia ni sampu, lile beseni la oili chini ya injini (mawe na matuta ya barabara zetu yanaipasua), nati ya kumwagia oili, na filta.

Gari ikiwa imetoka sevisi juzi au leo, anza na filta. Kuna kosa moja la gereji limeua injini nyingi nzima kabisa, raba ya filta ya zamani inabaki imeganda kwenye bloku, fundi haangalii, anafunga filta mpya yenye raba yake, sasa raba ziko mbili, zinakaa poa mpaka presha ipande barabarani ndo moja inaruka nje na oili yote inamwagika kwa dakika moja. Pia nati ya chini ambayo ilikazwa kwa mkono na fundi akaitwa kwenye gari nyingine.

Kama chini ni kukavu, subiri dakika kumi oili irudi kwenye sampu, hakikisha gari iko sehemu iliyonyooka, chomoa dipstiki, futa kwa kitambaa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome. Ule usomaji wa kwanza kabla ya kufuta usiuamini. Kati ya alama ya chini na ya juu kwa gari ndogo nyingi ni kama lita moja au inazidi kidogo. Injini ya 1NZ-FE nzima inabeba lita 3.7 ukibadilisha na filta, sasa dipstiki ikitoka kavu kabisa ujue sio "imepungua kidogo", umepoteza sehemu kubwa ya oili yako.

Hapo kuna njia tatu.

Ya kwanza, kiwango kiko chini ya alama. Hii ndo habari nzuri kuliko zote. Ongeza nusu lita, subiri, pima, ongeza tena, mpaka ifike karibu na alama ya juu, usipitilize. Kampuni tofauti kuchanganyika haina shida kwa dharura, na kama sheli ya porini ina 20W-50 (oili nzito) tu na wewe unatumia 5W-30 weka hiyo hiyo ufike mjini, utaimwaga baadaye. Ila iwe oili ya injini, usiweke ya gia wala ya giaboksi ya otomatiki.

Ya pili, kiwango kiko sawa kabisa. Hii ndo mbaya. Inamaanisha oili ipo lakini haisukumwi, au swichi inadanganya, na wewe ukiwa pembeni ya barabara huna namna ya kujua ni ipi. Chukulia ni kweli presha hakuna, tafuta wa kukuvuta.

Ya tatu, kiwango kimepanda juu kuliko ulivyoacha. Nusa dipstiki. Ikinuka petroli basi mafuta yanaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji. Injini za D4 za petroli (zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) zinajulikana kwa hilo, ile pampu ya presha kubwa inayoendeshwa na kemishafti sili yake ikichoka petroli inashuka ndani. Ukiona rangi imekuwa kama chai ya maziwa, hayo ni maji ya rejeta, gasketi imekwenda au hed imepinda, usiwashe kabisa. Unyevu kidogo mweupe chini ya kifuniko cha kujazia kwa gari ya safari fupi fupi usikutishe, angalia dipstiki yenyewe.

Kuwasha mara moja, kwa masharti

Hii ni kwa yule wa njia ya kwanza tu, aliyekuta oili imepungua, akaongeza na hakuna panapovuja. Zima redio, zima kiyoyozi, fungua kioo, mtu mmoja asimame karibu na boneti. Washa bila kukanyaga mafuta. Taa inatakiwa izimike ndani ya sekunde mbili tatu. Sekunde tano zikipita bado inawaka, zima, safari imeishia hapo.

Ikizimika sikiliza. Tiki tiki nyepesi ya juu kwenye kava ya valvu ikapotea baada ya sekunde kadhaa, hiyo inavumilika, oili ilikuwa inapanda. Mgongano mzito wa chini unaoongezeka ukigusa mafuta kidogo, hizo ni metali, zima na usimruhusu mtu akushawishi kwamba utafika. Kama kimya, acha iungurume sailensa (bila kukanyaga mafuta) dakika chache, chungulia chini tena, alafu endesha taratibu na upime tena baada ya kilomita kumi au ishirini. Na bado utatakiwa kujua ile oili ilienda wapi: kama haikuvuja nje basi imechomwa, angalia moshi wa bluu asubuhi na ukikanyaga.

Wa kuvutwa: gari ya manyuo weka nyutro, funga kamba, nenda. Otomatiki kwa kamba iwe karibu na mwendo mdogo, zaidi ya hapo tafuta brekidauni ya kubeba. Otomatiki ya magurudumu manne usiivute magurudumu mawili yakiwa chini, utafika na tatizo la giaboksi juu ya la injini.

Gereji: geji kwanza, spana baadaye

Hapa ndo hela za watu zinapotea. Fundi anasikia taa ya oili, anafanya moja kati ya mawili. La kwanza anasema "swichi hiyo mkuu" anabadilisha bila kupima chochote. La pili anamwaga oili anaweka nzito, 20W-50 au zaidi, taa inazimika, unalipa unaondoka umefurahi. Ile oili nzito imeinua presha kidogo kwenye swichi tu, ugonjwa uko palepale, asubuhi injini ikiwa ya baridi oili hiyo inachelewa kufika juu, na baada ya muda taa inarudi na mara hii inakuja na mlio. Mimi oili nzito kama dawa ya taa siikubali, labda injini yenyewe umeshaamua kuibadilisha na unasubiri mshahara.

Mwambie fundi neno moja: nipimie presha kwa geji. Hana geji? Mtafute mwenye nayo.

Kabla ya geji kuna kipimo cha waya cha dakika mbili. Swichi nyingi za gari hizi zina waya mmoja, na kazi yake ni kuunganisha ule waya na bodi ya gari pale presha isipokuwepo. Chomoa waya kwenye swichi, hakikisha hauguswi na chuma, geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikizimika, waya ni mzima, kosa liko kwenye swichi au presha kweli hakuna. Taa ikiendelea kuwaka na waya umechomolewa basi waya umechubuka mahali unagusa bodi, tafuta palipoungua karibu na eksozi. Angalia pia plagi yenyewe, ikiwa imelowa oili ndani, swichi imepasuka na inavujisha. Gari mpya zaidi zina sensa inayoongea na kompyuta, hizo kipimo hiki hakizihusu, zinasomwa kwa mashine, kodi (namba ya kosa) kama P0524 ndo ya presha kushuka. Kwa hizi gari zetu za zamani usishangae mashine ikisema hakuna kosa, nyingi taa yao haipiti kwenye kompyuta kabisa.

Sasa geji. Swichi mara nyingi iko kwenye bloku jirani na filta, nyingi za Toyota zinafunguka kwa soketi ndefu ya 24. Ifungue injini ikiwa imepoa, funga geji palepale. Uzi wa matundu ya gari za Kijapani ni 1/8 BSPT, na geji nyingi zinakuja na 1/8 NPT ya Kimarekani, zinafanana sana kwa macho na inaanza kuingia vizuri alafu inakaza, mtu akilazimisha anaharibu uzi wa bloku. Nunua adapta sahihi.

Soma ikiwa ya baridi, alafu iache ipate moto mpaka feni iwake, soma tena sailensa na raundi 3000. Kwa 1NZ-FE ya moto kitabu kinakubali sailensa isiwe chini ya psi 4 hivi, ambayo kusema kweli ni kidogo sana, nzima nyingi zinakuwa juu zaidi ya hapo, na raundi 3000 iwe ile 22 mpaka 80 niliyotaja. Kwa gari usiyojua kitabu chake wengi wanatumia kanuni ya psi 10 kwa kila raundi 1000, ni ya kukadiria tu.

Geji ikisoma vizuri baridi na moto, haya, badilisha swichi, umepona kwa bei ndogo. Tafuta ya maana, Gerezani kule Kariakoo au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi zipo za kila aina na zile za bei ya kutupa zinakufa haraka. Funga kwa nguvu ya kiasi, N·m 15 inatosha, wengine wanaikaza mpaka inapasuka.

Ikisoma vizuri baridi na kuanguka ikipata moto hasa sailensa, oili ni nyepesi mno au imechanganyika na petroli, au metali zimelika na oili inakimbilia kwenye nafasi kubwa. Badilisha oili na filta kwanza, pima tena.

Ikisoma chini wakati wote, baridi na moto, shida iko upande wa kunyonya au pampu.

Oili, filta, na kukata filta

Mwaga oili yote kwenye beseni safi na uiangalie juani. Unga unaong'aa kama rangi ya kucha ni metali zinalika. Pitisha sumaku, vinavyonasa ni chuma, vinavyobaki ni alumini au shaba, na metali za krenki haziko kwenye kundi la kunasa, kwa hiyo usitulie eti sumaku imetoka safi. Filta ya zamani usiitupe, ikate kwa msumeno, kung'uta vumbi la msumeno wenyewe, tandua karatasi na uangalie kwenye mikunjo.

Filta mpya iwe ya kweli. Za feki nyingi valvu ya kuzuia oili isirudi chini ni mbovu au haipo, dalili yake ni taa kuchelewa kuzimika asubuhi tu, alafu siku nzima iko sawa. Paka oili kwenye raba, kaza kwa mkono mpaka raba iguse kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Oili fuata kitabu, 1NZ ni 5W-30, kwa joto letu la Pwani 10W-30 nayo inakaa vizuri. Ya kupima kwenye dumu achana nayo.

Na ile tabia ya kuweka mafuta ya taa au dizeli kwenye injini "kuiosha" kabla ya kumwaga, kwenye gari yenye taa ya oili ni kujitafutia. Inabandua tope lililoganda kwenye kuta na kulipeleka lote kwenye strena, wavu wa kunyonyea oili.

Strena

Hiki ndo kifaa kinachosahaulika. Pampu inanyonya oili kupitia bomba lenye wavu linalokaa chini kabisa ya sampu. Wavu ukijaa tope la oili iliyopitiliza sevisi, pampu inakuwa kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija: sailensa inaweza ikajitahidi, ukipanda raundi inahema. Ukiona geji haipandi raundi zikipanda, au inapanda kisha inashuka, shuku hapo.

Tope sio peke yake. Angalia vipande vya silikoni. Fundi aliyefungua sampu zamani akapaka silikoni nene kama anapaka siagi, ile iliyojikunja ndani inakatika inaenda kwenye wavu. Kwa hiyo ukifunga sampu, uzi mwembamba tu, na uiache ikauke kabla ya kujaza oili.

Wenye Hilux, Prado na Hiace za D-4D zenye injini ya 1KD, hili ni lenu zaidi. Washa (pete ndogo) za chini ya injekta zikianza kuvuja, moshi wa mwako unapita pembeni ya injekta unaingia kwenye kava ya juu, masizi yanachanganyika na oili inakuwa lami, inashuka, inaganda kwenye strena. Injini inakufa na oili imejaa mpaka alama ya juu. Dalili za mapema ni gari kugoma goma kuwaka asubuhi, mlio wa kugonga ikiwa baridi, na ukifungua kava unakuta weusi mgumu kuzunguka injekta. Ukiona hivyo usisubiri taa, shusha sampu ya chini uangalie wavu, ni kazi ya saa chache. Ukisafisha strena bila kubadilisha washa za injekta utarudi tu.

Pampu na metali

Strena ikiwa safi na presha bado chini, inabaki pampu na valvu yake ya kupunguza presha. Valvu hiyo ni kipistoni na springi, kikinasa wazi kwa uchafu oili inarudi sampu badala ya kupanda. Kwenye 1NZ pampu iko ndani ya kava ya mbele ya cheni na inazungushwa na krenki moja kwa moja, kwa hiyo kuifikia ni kufungua mbele yote. Ukifika huko cheni na tenshena (kikaza cheni) nazo zikaguliwe, maana tenshena inatumia oili hiyohiyo. Pampu mpya ipakwe oili ndani kabla ya kufungwa, na kabla ya kuwasha toa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa mafuta) ili injini isiwake, piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia, mpaka taa izimike kwa stata tu. Hapo ndo urudishe fyuzi uwashe.

Metali zikiwa zimelika, usikubali "tunabadilisha metali tu" kabla krenki haijapimwa kwa maikromita. Krenki yenye mikwaruzo inakula metali mpya haraka. Kwa gari ndogo watu wengi wanaishia kununua injini ya mtumba na mara nyingi hesabu inakubali, ila injini hiyo nayo ifungiwe geji kabla hujamaliza kulipa, na sampu yake ishushwe ikiwa bado chini, wavu uoneshwe.

Baada ya matengenezo yoyote kati ya haya, oili ya kwanza imwage mapema, kilomita 1000 hivi, kisha rudi kwenye 5000 zako za kawaida. Pima dipstiki kila Jumapili kabla ya kuwasha.

Na ukienda kununua gari ya mkononi, geuza ufunguo bila kuwasha uangalie dashibodi. Taa nyekundu ya oili lazima iwake hapo. Isipowaka, kuna mtu ametoa balbu au kuchomoa waya, na hakufanya hivyo bure. Mwambie muuzaji airudishe, gari ipate moto, feni iwake mara mbili, alafu mkae nayo sailensa mkiitazama.